Dikteta mzuri ama demokrasia ya kelele: tuziweke mezani zote mbili kabla hujachagua

Ukikaa kwa kinyozi Kayole, ukipanda matatu za Rongai jioni jam imeshika, ama ukisimama tu kidogo pale Jeevanjee penye watu hubishana siasa mchana kutwa, hautatoka bila kusikia mtu akisema hii nchi demokrasia imetushinda, tunataka mtu mmoja mkali aje anyooshe mambo miaka kumi hivi, kura tutaongea baadaye. Wengine watataja Kagame, wengine marehemu Magufuli, vijana wengi saa hii wako na video za Ibrahim Traoré wa Burkina Faso kwa simu, na wale wamesoma soma watakuletea Lee Kuan Yew wa Singapore. Siwalaumu hata. Mtu mshahara umekatwa mpaka anashangaa, anaenda hospitali ya serikali anaandikiwa dawa akanunue nje, alafu akitoka anasimamishwa kando ya barabara msafara wa mheshimiwa upite. Hiyo hasira ni ya haki kabisa.

Ila kama ni kuchagua, tuchague tukiona zote mbili. Kile huniuma kwa huu mjadala ni venye watu huchukua dikteta bora kuwahi kutokea duniani wakamlinganisha na demokrasia yetu siku yake mbaya, na hapo mtu hawezi kuamua vizuri. Mimi nataka tulinganishe ya kawaida kwa ya kawaida, na Kenya tuko na ushahidi wetu, manake tumeishi ndani ya zote mbili. 1969 KPU, chama cha upinzani, ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini, tukawa chama kimoja kwa vitendo, Juni 1982 ikaingizwa kwa katiba kupitia kifungu cha 2A, na hicho kifungu hakikutoka mpaka Desemba 1991. Si lazima tupande ndege kwenda Asia kutafuta mfano, mashahidi bado wako, wengine ni wazazi wetu.

Na nikisema udikteta simaanishi tu jeshi na vifaru. Namaanisha serikali penye mtu mmoja ama chama kimoja kinaamua na hakuna mahali pa kumkatalia, hata kama bunge liko, korti iko na kura zinapigwa kila miaka mitano. Msomi Juan Linz, mwaka 1964 akiandika kuhusu Hispania ya Franco, aliitenga hii aina na ile ya Hitler na Stalin: hii ya kawaida haina haja uiamini, inataka tu unyamaze na siasa uwaachie wenyewe. Ndio watu wanaomba, na ndio tulikuwa nayo.

Kasi ya kazi

Hapa tuseme ukweli, udikteta uko na pointi. Singapore ilipotengana na Malaysia 1965 ilikuwa na mitaa ya mabanda na hata maji ilikuwa inatoa kwa jirani, leo karibu watu 8 kwa kila 10 wanaishi kwa nyumba zilizojengwa na HDB, shirika la serikali, na mipango yake haikuwa inatupwa kila miaka mitano juu mkubwa mpya ameingia na rangi zake. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki 2008 na Kigali ni safi, hilo hakuna anayebisha. Mtu akisema kule jambo likiamuliwa linafanyika, anasema ukweli.

Sasa angalia huku. Sisi tulikataza mifuko ya plastiki Agosti 2017, katikati ya uchaguzi moto kabisa, na adhabu yetu (faini hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 4) ikawa kati ya kali zaidi duniani. Thika Road iliisha 2012, reli ya SGR ikafika Nairobi 2017, Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ikafunguliwa 2022. Kujenga tunajenga. Penye tunaumia ni pale tunajengewa haraka bila kuonyeshwa mkataba, na hiyo ni tabia tulirithi kutoka kwa ile serikali ya kutoulizwa.

Chukua hii ya uwanja wa ndege wa JKIA. 2024 kampuni ya Adani kutoka India ilikuwa inataka uwanja kwa miaka 30, na wananchi tulijua juu karatasi zilivuja mtandaoni, si juu mtu alituambia. Watu wakapiga kelele, mawakili wakaenda korti ikasimamisha, wafanyakazi wa uwanja wakagoma Septemba wasafiri wakakwama nje na masanduku, na Novemba 21, baada ya Marekani kumshtaki mwenye kampuni kwa mambo ya hongo, rais akasimama bungeni akafuta. Ukipima kwa kasi peke yake huo ni mradi umecheleweshwa na kelele. Chini ya mtawala asiyeulizwa huo uwanja ungekuwa umeshaenda mpaka miaka ya 2050, na wewe na mimi tungejua siku ya kuona mabango mapya kwa geti.

Kwa hivyo kwa kasi udikteta unashinda, lakini ni kasi ya kwenda popote mkubwa anataka, kuzuri ama kubaya.

Ufisadi

Hii ndio watu wanaiamini kuliko zote, ati dikteta atanyorosha wezi. Lee Kuan Yew alifanya hivyo kweli: 1986 waziri wake mwenyewe, Teh Cheang Wan, alichunguzwa na CPIB, shirika lao la kupambana na ufisadi, kwa hongo, na akajiua kabla ya kushtakiwa. Ni mfano wa nguvu. Shida ni ukitafuta wengine kama huyo unahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na havijai, lakini ukitafuta wa ile ingine hautamaliza. Mobutu alikaa Zaire kutoka 1965 hadi 1997, akajenga kijijini kwao Gbadolite uwanja wa kutua Concorde wakati barabara za nchi zilikuwa zinarudi msitu. Obiang amekaa Guinea ya Ikweta tangu 1979, nchi ya mafuta, na mtoto wake, ambaye ndiye makamu wa rais, korti ya Paris ilimhukumu 2017 kwa kuiba mali ya umma.

Na kwetu tulikuwa na Goldenberg. Serikali ilikuwa inalipa kampuni ya Kamlesh Pattni nyongeza ya asilimia 35 juu ya dhahabu na almasi ati zimeuzwa nje, na Kenya almasi hatuna, dhahabu yenyewe ni kidogo sana, yaani pesa ilikuwa inatoka Benki Kuu kulipia kitu hakikuwepo. Mpango ulianza mwisho mwisho wa enzi ya chama kimoja. Ulijulikana aje? David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu, aliona zile karatasi zinapita mezani kwake, akashindwa kunyamaza, akazitoa zikafikia wabunge wa upinzani, wakazipeleka bungeni 1993. Alikamatwa, akapoteza kazi, na alikufa 2006 akiwa maskini.

Fikiria hiyo stori kidogo. Angeona zile karatasi 1989 angezipeleka kwa nani? Bunge lote lilikuwa KANU. Majaji walikuwa wametolewa ulinzi wa kazi yao kwa mabadiliko ya katiba ya 1988, mkuu wa sheria na mkaguzi wa hesabu wao walitolewa 1986, yaani mtu mwenye kazi yake ni kuangalia pesa zetu angeweza kufutwa asubuhi na mkubwa akaenda kunywa chai. Wezi wa 1993 hawakuwa wengi kuliko wa 1989. Tofauti ni kwamba 1993 kulikuwa na mlango wa kubisha.

Na hapa sitaki kudanganya mtu: demokrasia yetu imejua wezi, kuwafunga ndio imeshindwa. Goldenberg yenyewe hakuna mkubwa amekaa ndani kwa ajili yake. Hiyo ni aibu yetu na tuibebe. Ila kati ya kujua mwizi ukashindwa kumfunga na kutojua hata kama umeibiwa, mimi nachukua kujua, juu ukijua kuna siku unaweza kufanya kitu.

Njaa, magonjwa, na nani anamwambia mkubwa habari mbaya

Kama unasoma kipande kimoja tu cha hii makala soma hiki, manake kwangu ndio kinaamua mambo yote.

Septemba 1984 Mengistu, mtawala wa Ethiopia, alikuwa anasherehekea miaka kumi ya mapinduzi Addis Ababa, mapambo, gwaride, wageni kutoka nje, na wakati huo huo kule Wollo na Tigray watu walikuwa wanakufa njaa na serikali haikutaka izungumzwe iharibu sherehe. Dunia ilijua Oktoba, na aliyeonyesha ni mtu wa hapa hapa Nairobi, Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa huu mji, aliingia kambi ya Korem na BBC akarekodi wale watu alfajiri, wamejifunika mashuka kwenye baridi, wengine hawakuamka. Picha zilipoenda hewani ndio misaada ikaanza kumiminika. Waliokufa wanakadiriwa kuwa laki kadhaa, wengine wanasema hadi milioni moja. Mvua ilikosa, ni kweli, na vita vilikuwepo, lakini mvua ilikosa pia Botswana kuanzia 1982 mpaka 1987, miaka mingi mfululizo, na kule serikali ya kupigiwa kura iligawa chakula na kulipa watu kazi za mkono vijijini, na hawakuzika watu kwa njaa kama vile. Amartya Sen, mchumi wa India, ameandika hii kitu miaka mingi: njaa kubwa ya kuua watu kwa wingi haijaonekana penye kuna kura za kweli na magazeti huru, manake kiongozi anayejua atapigiwa kura na wenye njaa hawezi kulala.

Kuna mtu ataniambia lakini 1984 Kenya nayo ilikuwa chini ya Moi na hatukufa hivyo, serikali ilileta mahindi ya njano, wazee wa Ukambani bado wanayakumbuka. Ni kweli, na nampa Moi hiyo sifa bila kusitasita. Udikteta uko na viwango, na Moi hakuwa Mengistu. Lakini angalia ulitegemea nini: ulitegemea mkubwa aamue hivyo. Angeamua kama Mengistu ungefanya nini?

Ile ya Korona wengi tunaikumbuka. Tanzania ilitoa hesabu ya mwisho Aprili 29, 2020, wagonjwa 509, alafu kimya kwa zaidi ya mwaka. Siku chache baadaye rais Magufuli akasema sampuli za papai na mbuzi zimepelekwa maabara zikarudi na virusi, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Ebu jiweke kwa viatu vya daktari wa hospitali ya Muhimbili siku hiyo, unaona wagonjwa wanakosa pumzi, utaandika nini kwa faili? Magufuli alifanya kazi nyingi nzuri, alikuwa anafika ofisini mapema, aliogopwa na wavivu, watoto walisoma bure mpaka sekondari, hayo nayaheshimu. Lakini alijenga serikali ambayo hakuna mtu angeweza kumwambia umekosea, na ugonjwa haujali nani anaogopwa.

Sisi upande huu tulisomewa hesabu kila siku tukachoka nayo, na bado watu wakaiba pesa za Korona kupitia KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa, wanahabari wakafichua, wabunge wakaita watu, ukweli ukatolewa hadharani. Ni mbaya? Mbaya sana. Lakini mtu alikuwa na namba za kuamua kama apeleke mama yake kanisani ama abaki nyumbani.

Hivi ndivyo udikteta unavyoharibika hata kama mkubwa ana nia safi. Kila ngazi inapeleka juu habari tamu, chifu anamwambia DC mambo ni sawa, DC anamwambia waziri, waziri anaimba. 1984 Moi aliwaambia mawaziri wake hadharani waimbe kama kasuku wimbo wake yeye. Mtu amezungukwa na kasuku ataamua vizuri mara ngapi?

Usalama

Najua hoja, Kigali unatembea usiku na simu mkononi, hapa CBD saa tatu usiku unaishika kama mtoto mchanga. Ni kweli, na usalama wa barabarani si kitu kidogo hasa kwa wanawake.

Lakini kuna mwizi wa simu na kuna serikali, na ukiibiwa na mwizi kuna pa kwenda. Wengi wenu mmewahi kupanga foleni ya pasipoti Nyayo House, pale kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Chini ya hilo jengo, kwa basementi, kuna seli ambazo miaka ya themanini na mwanzo wa tisini watu walikuwa wanafungiwa humo gizani, maji yamemwagwa sakafuni mpaka huwezi kukaa wala kulala, siku nyingi, alafu wanapandishwa kwa lifti hadi orofa za juu kuhojiwa na kupigwa, wanarudishwa majini. Walimu wa chuo kikuu, wanafunzi, wakulima, mtu alipatikana na kijikaratasi cha Mwakenya, kikundi cha siri cha kupinga serikali, ama alishukiwa tu. Raia waliingia kuziona kwa mara ya kwanza 2003, baada ya KANU kutoka. Fikiria miaka yote hiyo watu wanapita nje kwenda kazini, hakuna gazeti linaandika. Na Wajir, Wagalla, Februari 1984, wanaume wa Degodia, ukoo wa Kisomali, walikusanywa kwa uwanja wa ndege wakawekwa juani bila maji wala chakula, wengine wakapigwa risasi, serikali ikasema ni watu 57, wenyeji wanahesabu mamia na zaidi.

Sasa kuna mtu atasema na Juni 2024 je. Hapo ndio naumia zaidi. Vijana waliuawa mchana, wengine nje ya Bunge, tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu zaidi ya 60 kwa maandamano ya hiyo miezi, na watu kadhaa walitekwa na wanaume wasio na sare ndani ya magari yenye namba za uongo. Na 2007 kuingia 2008 tulipoteza watu zaidi ya 1,100 kwa sababu ya uchaguzi uliovurugwa. Sitasema demokrasia imetulinda hapo, haikutulinda. Lakini angalia vizuri ni nini hasa kiliua: kuteka watu, polisi wa kujificha uso, kura isiyohesabiwa mbele ya watu. Hizo ni silaha za ile sistimu ya zamani zimebaki ndani ya hii mpya. Mtu akikuambia dawa ya kutekwa ni kumpa mtekaji mamlaka yote, mwambie arudie pole pole ajisikie.

Siku ya kuondoka

Kumuweka mtawala ni rahisi, kila mtu anajua kuweka. Kazi iko kwa kumtoa.

Watu wengi hawajui hii: kati ya marais wa kwanza Afrika kushindwa kwa kura na kukabidhi madaraka kwa amani, wa kwanza ni Msomali, Aden Abdulle Osman, 1967. Somalia ilikuwa na bunge la kelele na vyama vingi kupita kiasi, ufisadi pia ulikuwepo, na Oktoba 1969, rais aliyemfuata alipouawa, jeshi likaingia na Siad Barre, mtu mkali, wa kunyoosha nchi. Na mwanzo alifanya mambo makubwa, kampeni ya kuandika Kisomali na kufundisha watu kusoma ilisifiwa kila mahali. Lakini alikaa miaka 21, akavunja kila kitu kilichoweza kusimama bila yeye, na 1991 alipofukuzwa hakukuwa na serikali ya kuachia mtu. Tembea Eastleigh, First Avenue, uliza wazee wa pale walifika lini na kwa nini. Dadaab ilifunguliwa mwaka huo huo. Hiyo ndio bili ya mtu mmoja mkali, na ililipwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipoingia.

Linganisha na Botswana, ambayo wakati wa uhuru 1966 ilikuwa kati ya nchi maskini zaidi duniani. Chama kimoja kilishinda kila uchaguzi miaka 58, watu wakasema hao ni wale wale tu, mpaka 2024 wakashindwa, na rais Masisi akapiga simu akampongeza Duma Boko na akaondoka. Hakuna risasi. Na sisi Desemba 30, 2002, Moi aliondoka Uhuru Park gari lake likirushiwa matope lakini aliondoka, juu katiba ilikuwa imewekwa vipindi viwili baada ya vyama vingi kurudi. Museveni aliingia 1986, vipindi vikaondolewa 2005, umri ukaondolewa 2017. Traoré mwenyewe, ambaye vijana wetu wanampenda, aliingia Septemba 2022 akiwa na miaka 34, uchaguzi ulikuwa uwe kufikia Julai 2024, kabla haijafika hapo muda ukaongezwa miaka mitano, na waandishi na majaji waliomkosoa wamepelekwa jeshini mstari wa mbele. Sababu ya kupindua ilikuwa usalama, na Agosti 2024 pale Barsalogho mamia ya watu waliuawa siku moja. Hizo hazipo kwa zile video.

Ama linganisha kura zenyewe. 1988 tulipiga mlolongo, unasimama nyuma ya ajenti wa mtu wako hadharani, chifu anakuona, boma lako linajulikana, na bado kuna penye laini fupi ilitangazwa imeshinda ndefu, na mgombea akipata asilimia 70 kwenye mchujo anapita bungeni moja kwa moja bila kupigiwa kura ya siri. 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwa tovuti, mtu yeyote na bando anajumlisha mwenyewe sebuleni. Na 2017, Septemba 1, Korti ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, mara ya kwanza Afrika. Alikasirika, akasema maneno, lakini tulirudi debeni.

Uchumi

Nitapita haraka hapa juu ushahidi ni mchanganyiko. Korea Kusini ilikua sana chini ya Park Chung-hee, Uchina imetoa mamilioni ya watu kwa umaskini tangu 1978, lakini ni Uchina hiyo hiyo iliyokuwa na njaa kubwa kuliko zote 1959 hadi 1961 chini ya chama hicho hicho, na Zimbabwe ilichapisha noti ya trilioni 100. Botswana na Mauritius zimekua zikipiga kura. Kwetu, mwaka 2000 uchumi ulikuwa karibu umesimama kabisa, alafu baada ya mabadiliko ya 2002 shule za msingi zikawa bure Januari 2003 na kufikia 2007 tulikuwa tunakua karibu asilimia 7. Mtu asikuambie udikteta unaleta pesa, wala demokrasia peke yake haileti. Tofauti ni kwamba udikteta unaruka juu sana ama chini sana, na wewe hauchagui ni upi unapata.

Sasa uchague aje

Ukinisukuma kwa kona nitasema hivi. Kama una uhakika kabisa mtawala wako atakuwa Lee, na mtoto wake atakuwa Lee, na hawatakosea kitu kikubwa, na wewe hautawahi kuwa yule mtu anawakasirisha, chukua udikteta. Na hata hapo jua Singapore ilikuwa na Chia Thye Poh, mbunge aliyekamatwa 1966, akakaa ndani miaka 23 bila kesi, alafu akawekewa vizuizi mpaka 1998. Huyo pia alikuwa raia wa hiyo nchi safi.

Kama hauna huo uhakika, na Nairobi hakuna mwenye nao, chukua hii yenye kelele na uifanyie kazi. Maswali ya kumuuliza yeyote anayekuuzia mtu mkali ni machache: akikosea nani atamwambia, akiiba nani atajua, akikataa kutoka nani atamtoa, na mtoto wako akitekwa utaenda korti gani. Usikubali ajibu kwa jina la mtu, mwambie akujibu kwa jina la ofisi.

Na kazi yenyewe si ya maneno makubwa. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Usajili uko kwa ofisi za tume ya uchaguzi, IEBC, za eneo bunge, enda na kitambulisho, na kama ulihama kutoka ushago ama mtaa mwingine hamisha kituo usije ukashindwa na nauli siku yenyewe. Siku ya kura baki karibu mpaka wamalize kuhesabu, hata kama ni usiku, juu fomu 34A hubandikwa mlangoni mwa kituo na ni haki yako kuiona. Ipige picha, hakikisha namba na sahihi zinasomeka, alafu uilinganishe na ile itawekwa kwa tovuti.